Jino Linalolegea ni Mjumbe, na Mjumbe Hauawi

Tuanze na kisa cha sajini mmoja wa makamo, ambaye jina lake hatulitaji kwa sababu kisa chake ni cha wengi. Jioni moja alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake kambini pamoja na wanawe, wakila muwa. Alipouma kipande cha tatu alihisi jino la mbele la chini likicheza, kama kigingi cha hema kilichochomekwa katika mchanga. Hakuumia hata kidogo. Akalitikisa kwa ulimi, akalitikisa kwa kidole, kisha akamwambia mkewe: "Mama watoto, nitafutie uzi mgumu. Jino hili limezeeka. Kesho asubuhi nitaling'oa, mambo yaishe."

Mkewe hakuleta uzi. Alikuwa ameona mambo ambayo mumewe hakuyatia maanani. Aliona povu lenye wekundu lililotemwa kila asubuhi kwa miaka kadhaa. Alisikia harufu ya kinywa isiyoondoka hata baada ya kupiga mswaki. Aliona meno ya mbele yakizidi kurefuka mwaka hata mwaka, ilhali mtu mzima haoti meno tena. Isitoshe, alijua ya kwamba siku zile mumewe alikuwa akinywa maji mengi mno na kuamka usiku mara kwa mara. Akajibu: "Baba watoto, jino halizeeki peke yake. Kwanza likaonwe na daktari. Uzi haukimbii."

Maneno ya mama huyo ndiyo shabaha ya makala yetu ya juma hili. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Jino linalolegea na ufizi unaorudi nyuma ni wajumbe waliotumwa kuleta habari, na mara nyingine habari yenyewe inatoka mbali na kinywa. Anayeling'oa jino kwa uzi bila kuuliza sababu amemfukuza mjumbe kabla hajasema alichotumwa.

JINO HUSHIKWA NA NINI?

Wengi hudhani ya kuwa jino limepandwa katika ufizi kama msumari katika ubao. Sivyo. Mzizi wa jino umeingia katika tundu lililomo ndani ya mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa zimo nyuzinyuzi nyingi, nyembamba na imara, zinazolifunga jino pande zote mithili ya kamba zinavyolifunga hema. Ufizi nao umelivaa jino shingoni kama kola, ili uchafu usipenye na kuzifikia nyuzi hizo.

Kwa hiyo jino zima, lisilo na tundu wala doa, laweza kuanguka ikiwa mfupa unaolishika umeliwa na nyuzi zake zimekatika. Jino lenyewe halikuugua. Kilichougua ni nyumba yake. Na meno yanayoonekana kurefuka kwa mtu mzima hayakurefuka hata kidogo. Ni ufizi uliorudi nyuma na kuuacha mzizi wazi, kama mvua inavyochukua udongo na kuiacha mizizi ya mti ikionekana.

UKOGA, ADUI WA KILA SIKU

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ukoga, yaani ule utando mlaini unaoganda juu ya meno, hasa penye mpaka wa jino na ufizi na katika nafasi za kati ya meno. Ndani yake wamo vijidudu kwa mamilioni. Usipoondolewa, ukoga hushika madini yaliyomo katika mate na kuwa mgumu kama jiwe, na ukisha kuwa mgumu mswaki hauwezi kuuondoa. Sumu ya vijidudu huuchokoza ufizi, nao huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu ukiguswa.

Jambo hili lilithibitishwa kwa jaribio mashuhuri. Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, mtaalamu wa meno Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno yao. Baada ya siku kati ya 10 na 21, kila mmoja wao alikuwa ameugua fizi. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zao zikarejea katika hali njema. Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, majuma matatu ya uzembe yanatosha kuleta ugonjwa. Pili, katika hatua hii ya mwanzo, ugonjwa unaweza kupona kabisa.

Lakini ukiachwa kwa miezi na miaka, kwa watu wengi ugonjwa huingia hatua ya pili. Ufizi hubanduka kutoka kwenye jino na kufanya mfuko mdogo, ukoga hujaza mfuko huo, na mfupa huanza kuliwa polepole. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Jambo la hatari ni kwamba haya yote hufanyika kimya kimya, aghalabu bila maumivu. Askari amezoeshwa kuvumilia maumivu. Je, atavumilia nini pasipo maumivu? Hupuuza tu, mpaka jino licheze. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa namna hii. Basi usione haya kwenda kuonwa. U mmoja katika umati mkubwa.

Na wazazi wajue kwamba ugonjwa huu si wa wazee peke yao. Iko namna yake inayowashika vijana tangu miaka ya ujana wa kwanza, ikalegeza meno ya mbele na magego ya kwanza, hata kama kinywa kinaonekana safi. Mara nyingi huonekana kwa ndugu wa nyumba moja. Kijana wa namna hiyo asikemewe kwamba ni mchafu. Apelekwe kwa daktari upesi, na ndugu zake nao watazamwe.

TUMBAKU HUUFICHA UGONJWA

Mvuta sigara yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza mfupa wa taya kuliko asiyevuta. Tena tumbaku ina hila. Hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji hutoka damu kidogo kuliko za mtu mwingine aliye na ugonjwa uleule. Mtu hutazama kinywa chake, haoni damu, akajisifu kuwa yu mzima, na kumbe ni mlinzi wa lango aliyenyamazishwa huku adui akipita. Anayeweka ugoro au tumbaku nyingine kati ya mdomo na ufizi naye huona ufizi wa mahali pale pale ukirudi nyuma, na baya kuliko hilo, anajitafutia saratani ya kinywa.

Wanajeshi wana historia yao katika jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari wengi waliokaa katika mahandaki ya Ulaya walipatwa na ugonjwa mkali wa fizi, hata ukaitwa kwa jina la mahandaki hayo. Ncha za fizi kati ya meno zilioza na kufanya vidonda, maumivu yakawa makali, damu ikatoka yenyewe, na pumzi ikanuka vibaya mno. Uchovu, wasiwasi, chakula hafifu, sigara nyingi na kukosa nafasi ya kusafisha kinywa viliungana kuuleta. Ugonjwa huo upo hata leo, nao unaweza kumshika askari aliye katika doria ndefu, mtu aliyekondeana kwa njaa, au mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajapata matibabu. Huu haufai kungojewa hata siku moja, lakini ukitibiwa mapema hutulia upesi.

HABARI ZITOKAZO NDANI YA MWILI

Tumesema kwamba mjumbe huweza kutoka mbali. Wa kwanza wa namna hiyo ni kisukari. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupatwa na ugonjwa wa fizi takriban mara mbili hadi tatu zaidi ya mtu asiye nacho. Fizi zilizojaa ugonjwa nazo huifanya sukari ya damu iwe ngumu kushuka, na kuzitibu husaidia sukari hiyo kupungua kiasi. Basi mtu mzima ambaye meno yake yameanza kulegea, naye ana kiu nyingi, anakojoa mara kwa mara au anapungua mwili bila sababu, hapana budi apimwe sukari.

Wa pili ni mimba. Mama mjamzito huona fizi zake zikivimba na kutoka damu kwa sababu homoni za mimba huzifanya ziwe nyepesi kukasirishwa na ukoga. Katika nyumba nyingi husemwa kwamba kila mtoto humgharimu mama jino moja, kana kwamba mtoto aliye tumboni hunyonya chokaa ya meno ya mamaye. Si kweli. Mtoto hachukui chokaa katika meno. Anayelipoteza jino wakati wa mimba amelipoteza kwa ugonjwa uliokuwa unaweza kutibiwa, na matibabu hayo hayamdhuru mtoto. Mama asiache mswaki kwa kuogopa damu. Damu ndiyo sababu ya kuzidi kusafisha, kwa upole.

Wa tatu ni kiseyeye, ugonjwa wa wasiokula matunda wala mboga mbichi kwa miezi mingi. Mabaharia wa zamani walikufa nao kwa maelfu. Fizi zao ziliota nyama laini na meno yakalegea. Mwaka 1747, katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, daktari James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa dawa mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa na ndimu walipata nafuu upesi kuwashinda wenzao wote. Hata hivyo ilipita karibu nusu karne, hadi mwaka 1795, ndipo jeshi la maji la Uingereza lilipoagiza maji ya ndimu yagawiwe mabaharia. Katika nchi yetu yenye maembe, mapera, machungwa na mapapai, kiseyeye ni nadra. Lakini mlevi asiyekula, mzee anayeishi peke yake, au mfungwa, aweza kukipata.

Mwisho, fizi zinazovimba na kutoka damu bila kukoma, pamoja na homa, weupe wa viganja na michubuko isiyo na sababu, zaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa damu. Huyo hana haja ya daktari wa meno kwanza. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

MIKONO YETU WENYEWE

Si kila ufizi uliorudi nyuma una ugonjwa. Mara nyingine kosa ni la mkono. Wako watu safi sana ambao husugua meno kama anayesugua sufuria lenye masizi, kwa mswaki mgumu, tena kwa kwenda na kurudi upande kwa upande. Wengine hutumia mchanga, majivu au mkaa uliosagwa. Meno huwa meupe kwa muda, lakini ufizi hukwanguliwa, mzizi huachwa wazi, na maji ya baridi huanza kuchoma. Askari kijana anayesugua buti zake mpaka zing'ae asidhani kwamba meno hutaka nguvu ile ile.

Jino pia hulegea kwa pigo: mpira, ngumi, kuanguka kwenye pikipiki au mazoezini. Jino lililolegea kwa pigo lisichezewe; litazamwe na daktari siku hiyo, maana aweza kulifunga na jirani zake mpaka lishike tena. Na jino la kudumu likitoka zima, lisitupwe. Lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lioshe kidogo kwa maji safi bila kulisugua, kisha lirudishe katika tundu lake. Ikishindikana, litie katika maziwa na kukimbilia kwa daktari. Lililorudishwa katika nusu saa ya kwanza lina tumaini kubwa. Jino la utoto lililotoka halirudishwi.

Wako pia wanaosaga meno usingizini, hasa wenye mashaka mengi. Mke husikia, mume hajui. Kusaga huko huweza kuyatikisa meno, hasa yale ambayo mfupa wake umekwisha kupungua.

KWA WATOTO

Mtoto wa miaka 6 hivi huanza kulegea meno ya utoto, ya mbele ya chini kwanza, na kazi hiyo humalizika karibu na miaka 12. Hiyo ni furaha ya nyumbani, wala haina dawa. Lakini mtoto ambaye magego yake yanalegea kabla ya wakati, na taya au shavu lake linavimba siku hata siku, habari yake ni nyingine.

Habari hiyo ilisomwa vizuri kwa mara ya kwanza hapa hapa Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya zote mbili. Hakuishia hapo, aliwatafuta wengine, na mwaka 1958 akaandika juu ya watoto wengi wenye uvimbe kama huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wenzake walisafiri kwa gari kwa majuma 10 mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali mahali ugonjwa huo ulipoonekana. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Hukua kwa kasi, lakini ikiwahiwa kwa dawa watoto wengi hupona. Mzazi anayefunga uzi kwenye gego la mtoto wa namna hiyo anapoteza siku ambazo ni maisha. Mpelekeni hospitali kubwa bila kukawia.

DAKTARI HUFANYA NINI, NA NYUMBANI TUFANYE NINI?

Daktari wa meno hupima kwa kijiti chembamba kina cha nafasi iliyo kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni hali njema. Zaidi ya hapo ni mfuko. Aweza kupiga picha ya eksirei ili auone mfupa uliobaki. Kisha hukwangua ukoga mgumu juu na chini ya ufizi. Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Vidonge vya kuua vijidudu, vinavyonunuliwa ovyo dukani, haviwezi kuuondoa ukoga ulioganda, na kuvimeza bila ushauri huwafanya vijidudu kuwa sugu. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza, lakini hayakwangui.

Jino lililolegea kiasi huweza kukaza tena uvimbe ukitulia. Ufizi uliorudi nyuma haushuki tena wenyewe, lakini huweza kuzuiwa usiendelee kurudi. Na yako meno ambayo yamechelewa mno. Hayo hung'olewa, lakini na daktari, kwa chombo safi.

Nyumbani, tufuate kanuni hizi:

1. Tupige mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika 2, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mswaki uwe laini, nao ubadilishwe nywele zake zinapopinda, kwa kawaida baada ya miezi 3.

2. Tusafishe mpaka wa jino na ufizi kwa mizunguko midogo na mkono mwepesi. Atumiaye mswaki wa mti autafune ncha mpaka uwe laini, asichome ufizi, wala asisahau meno ya nyuma.

3. Tupitishe uzi wa meno au kiburashi chembamba kati ya meno, mahali ambapo mswaki haufiki.

4. Tuache tumbaku ya kila namna.

5. Kila mtu na awe na mswaki wake, na mtoto asaidiwe na mzazi mpaka afikie umri wa miaka 7 au 8.

6. Damu ikionekana kwa zaidi ya majuma mawili, ingawa tunasafisha vizuri, twende kwa daktari. Jino la mtu mzima likicheza, tusingoje hata hayo majuma mawili.

Sasa turudi kwa sajini wetu. Daktari wa meno alimtazama kinywa kwa muda mrefu, kisha akamwuliza swali ambalo hakulitazamia: "Afande, usiku huamka mara ngapi kwenda haja ndogo?" Sajini akacheka, akadhani ni mzaha. Daktari hakucheka. Alimtuma apimwe damu, na sukari yake ikaonekana iko juu sana. Hakuwa akijua. Angeling'oa jino lile kwa uzi, pengine angejua baadaye sana, macho au figo zilipokwisha kuharibika.

Fizi zake zilisafishwa kwa awamu nne, sigara akaziacha kwa taabu, na dawa ya sukari anainywa kila siku. Gego moja halikuweza kuokolewa. Lakini jino lile la mbele, lililokuwa likicheza kama kigingi mchangani, limeshika, na bado anatafunia muwa, ingawa siku hizi anaambiwa na mkewe asizidishe kipande kimoja.

Basi, ndugu msomaji, leo usiku kabla ya kulala tazama kile unachokitema baada ya kupiga mswaki. Mtazame na mwenzio. Ikiwa kuna wekundu, mjumbe amekwisha kufika mlangoni. Mkaribisheni, mumwulize habari.